Mtu wa Mkiani

Katika nchi moja, ambayo si hii yetu, na nalisema hilo mapema ili mtu asije kuniletea balaa mlangoni, palikuwa na chatu wa Serikali. Urefu wake futi kumi na tisa, jina lake rasmi Bi Utulivu. Alitolewa zawadi kwa Mtukufu Rais na wazee wa wilaya fulani ambao walikuwa wameomba daraja mara kumi na moja mpaka wakachoka. Mtukufu alipomwona alitabasamu, picha ikapigwa, na tangu siku hiyo chatu akawa alama ya Taifa. Tuliambiwa amechaguliwa kwa sababu, kama wananchi wenyewe, hana kelele.

Basi akahitaji nyumba. Majengo yote ya Serikali yalikuwa yamejaa watu waliokuwa wakisubiri kuhudumiwa, isipokuwa Maktaba ya Bunge, ambayo kitasa chake kilikutwa na utando wa buibui. Vitabu vikatolewa, kukawekwa ukuta wa kioo kinene, mabomba ya joto, beseni la maji la kumtosha kujilaza, sanduku la mbao la kujifichia, na mlango wa chuma wenye kufuli mbili. Wakaajiriwa watunzaji wawili, Mbaraka Shekue na Faki Mwinyimvua. Habari hii ni ya Faki, maana ndiye aliyebaki na kazi ya kuikumbuka.

Mbaraka ndiye aliyekuwa mzoefu. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye mzaha hata na daktari wa meno, lakini akifika mbele ya mlango ule mzaha anauacha nje pamoja na viatu vyake. Siku ya kwanza kabisa alichukua kifuniko cha boksi la sabuni akaandika sheria kwa mkaa. Usiingie peke yako. Mguse kwanza kwa fimbo, taratibu, ajue umekuja kusafisha na si kumlisha. Ukishika kuku nawa mpaka viwikoni, kwa sababu kwake yeye ukinuka kuku basi wewe ni kuku. Akiwa ameshiba au anajivua gamba, muache. Akikukamata usivutane naye kichwani, mwenzako aanze kumfungua kutoka mkiani.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa desturi yao. Kabla ya kufungua kufuli ya pili, yule wa mbele huuliza, "Upo?" Na yule wa nyuma hujibu, "Nipo mkiani." Hata wakiwa wamesimama hatua mbili, hata wakiwa wanatazamana, lazima iulizwe na lazima ijibiwe. Faki mwanzoni aliona ni utoto.

"Si unaniona lakini," alisema.

"Nakuona," Mbaraka akamjibu. "Ila sijui kama akili yako umekuja nayo. Niambie upo."

Na kweli, Bi Utulivu hakuwa na utulivu hata wa kuazima. Alirukia vivuli, alirukia ufagio, alirukia kioo mpaka kikalia. Faki alikuwa na alama ya meno yake mkononi, mstari uliopinda kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko, na siku alipoipata ni Mbaraka aliyemfungua, mzunguko mmoja baada ya mwingine, huku akimsimulia habari za harusi ya binamu yake ili asizimie.

Sasa ikaja Wizara. Ilikuwa Wizara ya Heshima ya Taifa, na Katibu Mkuu wake aliitwa Bwana Ndimbo, mtu mwembamba aliyetembea na kalamu nyekundu masikioni, moja kila upande. Alisoma kile kifuniko cha boksi kwa kidole.

"Nani ameandika 'akikukamata'?"

"Mimi, mkuu," Mbaraka akasema.

"Bi Utulivu hakamati. Anakumbatia."

Akaondoka na kifuniko. Baada ya wiki sheria zikarudi zikiwa zimechapwa, zimepigwa mhuri, na zimewekwa kwenye fremu. Sheria ya tano ilisomeka: mtumishi atakayekumbatiwa atapokea kwa heshima. Ile ya pili ilifutwa kabisa, kwa kuwa kumgusa alama ya Taifa kwa fimbo ni uhaini wa daraja la tatu. Fimbo yenyewe ilichukuliwa ikapelekwa makumbusho, ikaandikwa chini yake kwamba ni silaha ya wakoloni. Badala yake watunzaji walipewa kitambaa cha hariri cha kumpungia.

Sheria moja tu ilibaki ilivyokuwa, ya kuingia wawili, na ilibaki kwa sababu Wizara iliipenda sana. Waliitungia daftari. Kila asubuhi watunzaji wote wawili lazima watie saini, ndipo mtu wa stoo atoe funguo. Bila saini mbili, hakuna funguo. Wizara ilikuwa haina mzaha na saini.

Jumanne moja akaja mgeni wa Mtukufu kutoka ng'ambo, na kila ofisi ikaamriwa itoe mtu mmoja wa kwenda kupunga bendera uwanja wa ndege. Bwana Ndimbo alimnyooshea Faki kidole.

"Na nani atakaa mkiani, mkuu?" Faki akauliza.

"Leo hamfungui mlango."

Mbaraka akacheka. "Nenda ukapunge, bwana. Sifungui mpaka urudi."

"Narudi sasa hivi," Faki akasema. Maneno hayo matatu alikuja kuyarudia peke yake mara nyingi kuliko sala.

Ndege ilichelewa saa sita. Watu walisimama juani na vibendera vya karatasi, wakafundishwa namna mbili za kupunga, ya furaha na ya furaha kubwa. Huku nyuma, Bwana Ndimbo akapata wazo kwamba mgeni huenda akapita Maktaba, na maji ya beseni yalikuwa machafu. Akamwamuru Mbaraka ayabadilishe. Mbaraka akamkumbusha habari ya watu wawili, na Bwana Ndimbo akamwonyesha daftari, saini mbili, za asubuhi ile ile. Mko wawili, akamwambia, acha uvivu.

Faki aliporudi alasiri, kibendera bado mkononi, alikuta beseni lina maji safi yanayong'aa, chatu amejikunja kwenye kona yake, na mbele ya mlango viatu vya Mbaraka vimepangwa vizuri. Askari wa zamu alikuwa amekaa kwenye kiti, anatazama chini.

"Aliita," askari akasema. "Saa nne hivi. Aliita mara mbili tatu, 'Faki, upo? Faki, upo?' Mimi nikadhani mnaongea."

Faki hakulia siku ile. Alikaa juu ya ngazi akakikunja kile kibendera, akakikunja tena, mpaka kikawa hakikunjiki.

*

Sasa hapa msomaji atasema, basi walimzika, wakampelekea mkewe rambirambi, mambo yakaisha. Msomaji huyo hajawahi kuishi katika nchi ile. Bwana Ndimbo alieleza kwa upole kwamba katika hotuba ya Mtukufu, ukurasa wa tisa, imeandikwa Bi Utulivu hajawahi kumdhuru mtu. Hotuba ilikuwa imekwisha kusomwa, na haiwezi kurudishwa. Kwa hiyo Mbaraka hakudhuriwa, na kwa hiyo yuko kazini. Akaongeza kwamba kwa mujibu wa waraka mpya, mtu wa kwanza kutangaza kifo cha mtumishi wa umma ndiye atakayehesabiwa kuwa amekisababisha.

Asubuhi yake, nyuma ya Maktaba palikuwa na bustani ndogo ya maua mekundu ambayo jana haikuwapo. Ilikuwa na ukubwa wa mtu wa miraba minne. Kibao kilisema, Usikanyage.

Faki alikwenda kutia saini yake. Mtu wa stoo akatazama daftari.

"Mwenzako hajasaini."

"Mwenzangu..." Faki akaanza.

"Hajasaini," mtu wa stoo akarudia, na macho yake yalikuwa yakimwomba Faki asiendelee.

Chatu akikaa bila maji safi anaugua, akiugua mtunzaji ana kesi, na Faki alikuwa mwoga kama nilivyo mimi na kama ulivyo wewe. Akachukua kalamu. Akaandika M. Shekue, kwa ule mkia mrefu ambao Mbaraka alikuwa anauvuta chini ya jina lake. Ilitoka sawa mara ya kwanza, na hilo ndilo lililomtisha.

Akaingia peke yake, na kitambaa cha hariri. Kwenye kufuli ya pili ulimi ukamteleza kwa mazoea, akauliza, "Upo?"

"Nipo mkiani," akajibiwa.

Ilikuwa sauti ile ile, nzito, yenye kicheko nyuma yake. Faki hakugeuka. Alibadilisha maji, akafagia, akatoka, akafunga kufuli zote mbili, ndipo akakaa chini. Kesho yake akauliza tena na akajibiwa tena. Mtu huzoea. Alichoshindwa kukizoea ni zile siku ambazo yeye hajauliza kitu, anafagia zake kimya kimya, na sauti inatokea kule nyuma ya sanduku la mbao, bila kicheko safari hii: "Faki, upo?"

Hapo alikuwa hajibu. Alizidisha kufagia tu.

*

Mke wa Mbaraka aliitwa Bi Mwanapili. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja na hotipoti ya wali wa nazi na samaki, kama alivyozoea tangu zamani. Askari wa getini alimwambia mumewe yuko zamu na haruhusiwi kutoka, kwa hiyo hotipoti humkabidhi Faki.

"Hajambo mume wangu, shemeji?"

"Yuko kazini, shemeji."

"Sikukuuliza yuko wapi."

Faki alichukua hotipoti akaenda kukaa karibu na maua mekundu. Kuirudisha imejaa hakuweza, kumwaga chakula cha marehemu hakuweza. Akakila chote, akaiosha hotipoti, akairudisha. Hivyo Ijumaa ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mpaka ya tisa. Ijumaa ya tisa Bi Mwanapili aliipokea, akafungua kifuniko, akaitazama ndani.

"Mbaraka hali pilipili," akasema. "Ikimgusa pilipili anatokwa na vipele. Leo nimetia pilipili kumi na mbili, na hotipoti imerudi nyeupe."

Faki akatazama chini. Midomo yake ilikuwa bado inawaka.

"Sikulaumu," Bi Mwanapili akasema. "Nyumbani nikilia, majirani wananiambia namtabiria mume kifo, Serikali yenyewe inasema yuko kazini. Nikivaa vyeupe nitaitwa kituoni. Lakini mimi najua, shemeji. Ninachotaka ni siku tu. Eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa. Miezi minne na siku kumi nilizopewa nimkalie mume wangu, na zinakwisha mimi nikimpikia. Nitajie siku. Sitakuuliza jingine."

Faki alifungua mdomo. Bwana Ndimbo alikuwa dirishani, kalamu zote mbili masikioni. Faki akaufunga.

"Yuko kazini, shemeji," akasema, na Bi Mwanapili akaondoka bila kumuaga. Hayo yalimuuma Faki kuliko meno ya chatu.

*

Wiki iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Utulivu. Mabalozi walipangwa kwenye viti mbele ya kioo. Kina mama wa mitaa ya karibu waliletwa kwa lori kuja kupiga vigelegele, na Bi Mwanapili akiwa miongoni mwao, maana mke wa mtumishi aliye kazini hana udhuru. Waziri wa Heshima, Mheshimiwa Dokta Lwambano, alifika akiwa amevaa suti nyeupe. Alikuwa ametokea jikoni kuonja kuku wa wageni kwa vidole vyake mwenyewe, kwa sababu alikuwa kiongozi wa watu.

"Mabibi na mabwana," akasema, "wapo wanaodai kwamba nchi hii inatisha. Tazameni. Huyu hapa, mkubwa, mwenye nguvu, anayeweza kummaliza yeyote kati yetu, na hafanyi hivyo. Hayo ndiyo tunayoyaita maendeleo. Leo nitaingia nimpapase kichwa mbele yenu. Mtunzaji, fungua."

"Mheshimiwa, umeshika kuku," Faki akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeshika kuku wa Taifa. Fungua."

"Sheria inataka watunzaji wawili, Mheshimiwa."

Waziri akamgeukia Katibu Mkuu, na Bwana Ndimbo akafungua daftari papo hapo, akalionyesha kwa mabalozi pia. "Wako wawili, Mheshimiwa. Shekue amesaini leo saa mbili kasoro."

"Basi mwite huyo Shekue."

Faki akatazama daftari. Ule mkia mrefu chini ya jina ulikuwa wa mkono wake mwenyewe, siku baada ya siku, kurasa tatu. Akafikiri, na simfichii aibu yake, kwamba angeweza tu kufungua. Aite jina, afungue kufuli ya pili, amwache Mheshimiwa aingie na vidole vyake vya mafuta, na mkiani pasiwe na mtu. Kungekuwa na bustani nyingine kesho, na pengine ingetosha. Kufuli ya kwanza alikuwa amekwisha kuifungua.

Hapo akaisikia ile sauti. Haikutoka nyuma ya sanduku, ilitoka begani kwake. "Faki, upo?"

"Nipo," Faki akajibu.

Watu wakamtazama. Akairudisha kufuli ya kwanza mahali pake, akaifunga, akageuka akawaelekea kina mama.

"Mbaraka Shekue amekufa," akasema. "Alikufa Jumanne ile aliyokuja mgeni, saa nne asubuhi. Huyu chatu ndiye aliyemuua. Aliniita, na mimi nilikuwa uwanja wa ndege napunga bendera. Shemeji, ni Jumanne ile. Leo ni siku ya sitini na tatu."

Bi Mwanapili alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akavuta kanga yake akajifunika kichwa, na kilio alichokibeba siku sitini na tatu kikatoka. Wanawake waliomzunguka wakakipokea, wakalia lori zima. Waziri alirudi nyuma akaegemea kioo kwa kiganja chake chenye mafuta ya kuku, na Bi Utulivu akakirukia kiganja hicho kwa mdomo wazi, kioo kikalia kwa kishindo, Mheshimiwa akaangukia mapajani mwa balozi.

Redio jioni ilitangaza kwamba kina mama walishindwa kuzuia vigelegele, na kwamba Bi Utulivu alimbusu Waziri.

*

Iliundwa Tume ya watu saba. Ilikaa wiki tatu na kikao kimoja cha ziada. Wataalamu wa mwandiko waliletwa, wakathibitisha kwamba saini zote mbili, kwa siku sitini na tatu, zimeandikwa na mkono mmoja. Tume ikafurahi sana. Maana yake, mwenyekiti akaeleza, ni kwamba mtunzaji siku zote alikuwa mmoja, na swali lililobaki ni yupi. Faki Mwinyimvua amesema maneno mabaya hadharani. Mbaraka Shekue, tangu ile Jumanne, hajatamka neno hata moja baya dhidi ya Serikali. Mtumishi wa kweli anajulikana.

"Kwa hiyo wewe ndiye Shekue," mwenyekiti akamwambia Faki.

"Mimi ni Faki."

"Faki hakuwahi kuajiriwa. Na kwa kuwa mkeo amepata mshtuko kwa uvumi wa kifo chako, Serikali kwa huruma yake inakurudisha kwake leo, umtulize. Kesho kazini."

Askari wawili wakampeleka, na daftari. Walibisha hodi mlango wa Bi Mwanapili mchana, wakati ndani kina mama walikuwa wakimsomea marehemu hitima. Kisomo kikanyamaza.

"Bi Mwanapili, tumekuletea mumeo," askari mkubwa akasema.

"Mume wangu amekufa," sauti ikajibu nyuma ya mlango. "Niko eda, sitoki mbele za wanaume. Huyo mliyemleta ni nani?"

Askari akatazama karatasi. "Imeandikwa Mbaraka Shekue."

"Mwacheni aseme mwenyewe."

Faki akasogea, akaweka paji la uso kwenye ubao wa mlango. "Ni Faki, shemeji."

Bi Mwanapili akauliza, "Amelala wapi?"

"Nyuma ya Maktaba. Kwenye maua mekundu, penye kibao."

"Kichwa wamekielekeza wapi?"

"Sijui, shemeji. Sikuwapo."

Akasikia analia polepole, kilio cha mtu ambaye sasa ana nafasi ya kulia. Kisha mlango ukafunguka upana wa kiganja, mkono ukatoa sahani ya wali na samaki, ukaiweka kizingitini.

"Kaa ule, shemeji Faki," akasema. "Hiki ni chako."

Faki akakaa barazani akala. Hakikuwa na pilipili. Askari mdogo akaandika kwenye daftari: mume amepokelewa, amekula. Mkubwa akatazama saa yake, akakunja karatasi.

"Kesho saa mbili kazini, Shekue," akasema.

Faki aliendelea kula. Askari akaita tena, kwa nguvu, mara mbili tatu, "Shekue. Shekue, upo?" Ndani walikuwa wameanza tena kusoma, na barazani hapakuwa na mtu wa kuitikia jina hilo.